Kabla ya Kurudisha Ufunguo

Mtu wa pwani anapohamia Eldoret hutanguliziwa habari za baridi. Huambiwa achukue mablanketi mazito, awavike watoto soksi na sweta, na asiwaogeshe jua likishakuchwa. Hakuna anayemtajia habari za kuta. Mimi pia sikutajiwa. Nilikaa katika mji ule miaka sita, nikahama nyumba mbili, na kila nyumba ilinifundisha jambo nisilolijua nilipokuwa kwetu Mombasa. Ya kwanza ilinitoza shilingi 12,000 kwa somo lake.

Eldoret imekaa juu, kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Mji ulianza kama shamba nambari 64, na hadi leo wenyeji huuita Sisibo kwa sababu ya nambari hiyo. Agosti 2024 ukatunukiwa hadhi ya jiji. Lakini kwa mama wa nyumba, la kuangaliwa ni hewa yake. Mvua huzidi Julai na Agosti, miezi ambayo kwetu ni ya kipupwe. Usiku watu hufunga madirisha yote, hupika ndani, na nguo zisizokauka nje huanikwa ndani. Mvuke wa sufuria na pumzi za waliolala hukutana na ukuta wa baridi na kioo cha dirisha la chuma, ukageuka maji. Maji hayo hutiririka nyuma ya kabati na makochi mahali pasipoonekana, na baada ya miezi michache ukuta huota kuvu nyeusi. Anayetumia jiko la makaa huongeza masizi juu yake. Sakafuni nako kuna udongo mwekundu unaoingia na kila kiatu. Pwani adui wa nyumba ni chumvi na kutu. Kule ni kuvu, masizi na matope. Ndiyo maana siku ya kuhama, mpangaji aliyezoea kufagia na kupiga deki huwa amefanya nusu tu ya kazi.

Ndivyo ilivyotufika. Tulikuwa tunahamia nyumba nyingine mjini humo humo, na gari la kubebea vyombo lilikuwa limeagizwa saa moja asubuhi. Tulipakia tangu alfajiri, tukafagia, tukapiga deki vyumba viwili na sebule, tukamwachia bawabu ufunguo, tukaondoka. Mwenye nyumba alikuwa akiishi Nairobi. Siku ya tisa ulikuja ujumbe katika simu: jikoni kuna masizi, chumba cha nyuma kina kuvu, rangi imebambuka, choo hakikusafishwa, na amana yote imetumika kwa rangi na kuwalipa wasafishaji. Mume wangu alimpigia, ikawa maneno juu ya maneno. Hatukuwa na picha, wala orodha ya siku tuliyoingia, wala shahidi isipokuwa bawabu, ambaye naye aliajiriwa na huyo huyo. Fedha zile tulikwisha kuzihesabia. Ndizo zilizokuwa zikamilishe karo ya kifungua mimba wetu.

Nilikasirika muda mrefu, na nilimsema yule mtu kwa mashoga zangu kuliko ilivyonipasa. Hasira ziliposhuka ilinibidi nikiri kwamba nusu ya aliyoyaandika ilikuwa kweli. Masizi yalikuwa yangu. Kuvu ya nyuma ya kabati sikuwa nimeiona, kwa kuwa kabati lenyewe halikusogezwa tangu tulipoingia. Rangi iliyobambuka, la. Ile ilitokana na bati lililovuja, na tulimweleza mara tatu. Lakini kwa kuwa nusu moja ilikuwa kweli, sikuwa na uso wa kuitetea nusu ya pili.

Amana ya pande mbili

Siku hizi wengi huita fedha zile dipoziti. Mimi napendelea kuziita amana, kwa sababu neno lenyewe linamkumbusha kila mmoja wetu alichonacho mkononi. Wanachuoni wa fikihi, katika mlango wa ijara, wameeleza kwamba kitu kilichokodishwa ni amana mkononi mwa aliyekikodi. Kikichakaa kwa matumizi ya kawaida halazimiki kukilipa. Hulazimika akikifanyia uzembe au akivuka mpaka wa alichoruhusiwa. Upande wa pili, fedha anazozishika mwenye nyumba ni za mpangaji mpaka itokee haki ya kukatwa kitu. Siku ya kuhama, basi, kuna amana mbili zinazorejea kwa wenyewe, na usafi wa nyumba ni sehemu ya kurudisha ile ya kwanza. Hata kama mwenye nyumba ni mtu mgumu. Hata kama unajua moyoni kwamba yake hataitoa kwa wepesi.

Sheria ya nchi haiko mbali na hapo, ingawa haimlindi mpangaji kwa kiasi ambacho wengi hudhani. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, inahusu nyumba za makazi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na nyumba za kodi hiyo leo ni za kutafuta kwa taa. Kwa waliobaki, mkataba ndio hakimu. Anayelipa kila mwezi na asiwe na mkataba wa muda maalumu anatakiwa na Sheria ya Ardhi ya 2012 atoe ilani isiyopungua mwezi mmoja, nayo iishie katika siku ya kulipa kodi. Toa ilani hiyo kwa maandishi, hata kama mwenye nyumba ni jirani mnayesalimiana kila asubuhi.

Kisha usome mkataba wako kabla hujanunua hata sabuni. Mikataba mingi ya Kenya ina kifungu kinachomtaka mpangaji aipake nyumba rangi mikono miwili anapotoka. Kama kifungu hicho kimo na umekitia saini, hakuna deki itakayokifuta. Uliza rangi iliyotumika ni ipi, umtafute fundi mwenyewe na mapatano myafanye mapema; bei utakayopatana na fundi wako na ile utakayokatwa hazifanani. Kama hakimo, rangi iliyofifia kwa miaka ni uchakavu wa kawaida, si deni lako. Na tafadhali usiifanye amana kuwa kodi ya mwezi wa mwisho bila ya kukubaliana na mwenye nyumba. Wengi hufanya hivyo kwa kuogopa kudhulumiwa, nao huishia kuwa wao ndio waliovunja ahadi ya kwanza.

Mzozo ukishindikana kabisa ipo Mahakama ya Madai Madogo, na Eldoret nayo ni miongoni mwa miji iliyofunguliwa mahakama hiyo. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, hutakiwa iamue katika siku 60, na mtu anaweza kujisemea mwenyewe bila ya wakili. Lakini huko nako utaulizwa swali lile lile lililonishinda mimi: ushahidi wako uko wapi?

Kazi yenyewe

Nyumba ya pili tuliipanga Kapsoya, kwa bibi mmoja wa Kikalenjin ambaye wapangaji wote tulimwita Kogo, yaani nyanya. Tulipopata habari kwamba kazi ya mume wangu inarudi pwani, nilianza wiki mbili kabla. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote. Nyumba haisafishwi siku ya gari. Siku ya gari hufagiliwa tu.

Wiki ya kwanza ni ya kutoa. Nguo zilizowabana watoto, sufuria zisizo na vifuniko, godoro la zamani. Gari la kutoka Eldoret hadi Mombasa hukata karibu kilomita 800, na kila gunia la vitu visivyotumika hulipiwa njia nzima. Vitu vikipungua kuta huonekana, nawe huvuta makabati ukakutana na yale niliyokimbia mara ya kwanza.

Anza juu. Masizi ya dari na pembe za jikoni yaondoe yakiwa makavu. Funga kitambaa kikavu kwenye ufagio mrefu, jifunge kichwa na uso, upitishe polepole. Ukiyatia maji kwanza huwa wino, nao huingia katika rangi usitoke. Yakishaondoka makavu ndipo uje na maji ya moto na sabuni. Ukuta uoshe kutoka chini kwenda juu. Najua inaonekana kinyume, lakini maji machafu yakimiminika juu ya ukuta mkavu huacha michirizi migumu kutoka, na yakimiminika juu ya ukuta uliokwisha kulowa hayaachi. Jikoni palipopakwa rangi ya mafuta sugua bila ya hofu. Kwenye rangi ya maji tumia tambara laini na mkono mwepesi, maana ukisugua utabeba rangi pamoja na uchafu, na hapo utakuwa umejiongezea deni.

Kuvu nayo ina adabu yake. Fungua madirisha yote. Changanya kikombe kimoja cha chai cha dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile tunayoiita jiki, katika lita 4 za maji. Paka kwa tambara, iache dakika kumi hivi, futa kwa maji safi, kisha ukaushe. Vaa glavu. Jaribu kwanza mahali padogo nyuma ya mlango, kwa sababu dawa hiyo inaweza kufifisha rangi.

Hapa niseme kwa ukali kidogo. Jiki haichanganywi na kitu kingine isipokuwa maji. Haichanganywi na asidi ya kusafishia choo, wala siki, wala dawa yoyote yenye amonia. Ikikutana na asidi hutoa hewa ya klorini, na hewa hiyo hukata pumzi. Jirani yangu mmoja, mama mwenye bidii kupita kiasi, alivimimina vyote viwili chooni akajifungia ndani asugue. Alitolewa akikohoa hata hawezi kusema, na siku mbili baadaye bado kifua kilikuwa kikimuuma. Kama utatumia asidi kwa choo, itumie siku yake peke yake, na umwage maji mengi kabla ya kitu kingine kugusa pale.

Kuna hatari nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni ya nchi ya baridi. Agosti ukuta uliooshwa haukauki upesi, na mtu mwenye haraka huona aingize jiko la makaa chumbani, afunge mlango, joto likaushe. Wengine hulala humo humo kwa kuwa mablanketi yamekwisha kufungwa kwa safari. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na mtu huchukuliwa na usingizi asiamke. Ukuta ukaushwe na upepo wa mchana, hata ikibidi kungoja siku tatu. Ndiyo sababu nyingine ya kuanza mapema.

Sakafu ya mwisho. Udongo mwekundu ukiwa mbichi usiuguse. Uache ukauke, ufagie, kisha ndipo upige deki. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji iliyopakwa nta nyekundu, na mahali makochi yalipokaa palikuwa pamebaki rangi tofauti. Nilisugua kwa kumbi la nazi nililolibeba kutoka nyumbani, chombo ambacho sijaona brashi ya dukani ikikishinda, na nikapaka nta upya kwa magoti. Vioo vya dirisha tulivifuta kwa siki na magazeti makuukuu. Mirija ya sinki tuliifungua, na yaliyotoka humo nitawasitiria wasomaji.

Tundu za misumari zizibwe kwa puti, zikikauka zisuguliwe kwa msasa. Dawa ya meno haifai. Kila mwenye nyumba anaijua hila hiyo, na wengine huinusa. Vivyo hivyo udi: nilifukiza siku ya mwisho kwa mapenzi yangu, lakini udi juu ya kuvu hunuka udi na kuvu.

Kwa kazi ya nje na kuta za juu nilimwita mama mmoja wa mtaani anayefanya vibarua vya kufua, kwa siku mbili. Nilimlipa kila jioni, kabla hajavaa viatu vyake. Namtaja kwa sababu katika pilikapilika za kuhama watu hawa ndio husahauliwa, wakaambiwa watatumiwa baadaye kwa simu, na baadaye hiyo isifike.

Mchana kweupe

Mambo ya karatasi niliyashughulikia katikati ya wiki. Nilikwenda katika shirika la maji la mji, ELDOWAS, nikalipa bili ya mwisho nikachukua risiti. Umeme ulikuwa wa tokeni, kwa hiyo nilipiga picha ya mita na namba iliyobaki. Kisha nikaitoa karatasi ambayo mume wangu aliiandika siku tuliyoingia, kwa machungu ya ile nyumba ya kwanza: vyumba vyote, kila kitasa, kila kioo, bomba la bafuni linalodondoka, mlango wa jikoni uliovimba. Kogo alikuwa ameitia saini siku ile huku akitucheka. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kur-ani inazungumzia kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na bado sisi huona haya kuandikiana tunapoaminiana. Haya hiyo ndiyo iliyotugharimu shilingi 12,000.

Nilimwomba Kogo aje nyumba ikiwa tupu, mchana, siku moja kabla ya gari kuondoka. Vyombo vilikuwa barazani vimefunikwa turubai. Alikuja saa nne na mwanawe wa kiume, nasi tulimwita jirani wa mlango wa pili asimame nasi. Alipita chumba baada ya chumba bila ya kusema. Katika chumba cha nyuma aliuweka mkono wake wote ukutani.

"Hapa palikuwa na kabati?"

"Ndiyo, Kogo."

"Na hakuna maji?"

"Yalikuwapo. Tumeosha Jumatatu, tukaacha dirisha wazi."

Akaitikia kwa kichwa. Bafuni alisikia bomba likidondoka, akamtazama mwanawe, mwanawe akaitazama karatasi, limeandikwa. Sebuleni kioo kimoja kilikuwa na ufa, na hicho hakikuwamo katika karatasi.

"Na hiki, mama?"

"Watoto, Kogo. Mpira. Ni chetu."

Mwanawe alisema kioo na fundi ni shilingi 700. Mume wangu aliandika chini ya karatasi ile ile: kioo kimoja, 700, na mengine yote yamekubaliwa. Wakatia saini watu wanne. Nikapiga picha ya karatasi, na ya kila chumba kutoka mlangoni. Kwenye fremu ya mlango wa chumba cha watoto kulikuwa na alama za penseli, urefu wao wa kila mwaka, nilizozisahau. Nilichukua tambara nizifute, Kogo akanizuia, akasema hizo zibaki, hazili chakula.

Ufunguo tulimkabidhi mkononi kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ukungu ulikuwa bado umeulalia mji. Tulikuwa tumefika Burnt Forest ujumbe wa M-Pesa ulipoingia: shilingi 15,300, katika amana ya 16,000. Nilimsomea mume wangu. Alihimidi, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nilikumbuka kuitoa ile balbu ya barazani tuliyoinunua wenyewe. Sikukumbuka.